Rota ya Kibogoyo

Siafu wa chuma walimiminika kutoka kwenye kisanduku chao, wakapanda tairi la nyuma, wakavuka bodi lenye kutu, wakazama ndani ya injini kwa kila upenyo walioupata. Walikuwa wengi mno hata trekta lote likaonekana linatambaa. Kila mmoja alikuwa mdogo kuliko punje ya ulezi, lakini alikuwa na jicho, mkono wa kupapasia na sauti isiyosikika na binadamu. Hapakuwa na bomba wasiloweza kulipita wala nati wasiyoweza kuizunguka. Kila walichokiona kilimfikia Sikizi papo hapo.

Sikizi ndiye aliyekuwa ubongo wao. Hakuwa na mwili. Makazi yake yalikuwa kwenye kipuli kilichokaa ndani ya sikio la Mhandisi Tulizo Kikoti, mwanamke aliyemtengeneza, na wengine walimsikia kwa kipaza sauti kilichowekwa mezani. Jiji zima la Ismani lilimjua. Pampu ya kunasa umande ikianza kukohoa, aliitwa Sikizi. Lifti ya ghala la mahindi ikikwama na watu ndani, aliitwa Sikizi. Siafu wake waliingia, wakatazama, wakatoka, na jibu likapatikana kabla chai haijapoa. Hakuwahi kushindwa hata mara moja, na Tulizo hakuona haya kulisema hilo mbele za watu.

"Haya, mwanangu usiye na miguu," Tulizo alisema huku akisugua viganja kwa hamu, "tuambie Kibogoyo anaumwa nini."

Kibogoyo ndilo jina la trekta. Wavu wake wa mbele ulidondoka zamani, ukaacha pengo kati ya taa mbili, na marehemu Mzee Lukelo Kikoti, baba yake Tulizo, akaona jina limejileta lenyewe. Lilikuwa trekta la enzi za plagi na kabureta, la kunywa petroli. Petroli ilipokwisha duniani Mzee Kikoti akalizoesha spiriti ya mahindi, nalo likazoea. Mwaka hadi mwaka lililima eka mbili nyuma ya nyumba, katikati ya jiji ambalo mashamba yake mengine yote yalilimwa na mashine zisizo na dereva. Tangu mzee afariki halikuwahi kuguswa, na sasa lilikataa kabisa kuwaka.

"Usimharakishe," alisema Mama, aliyekaa kwenye kigoda kando ya banda, mikono mapajani. "Hata daktari humpa mgonjwa nafasi ya kueleza."

"Mama, Mkaguzi anafika alasiri hii."

"Najua anafika alasiri hii. Nani aliyekuita uje?"

Hapo Mama alikuwa amesema kweli. Sheria ya Vyombo Hai haikuwa na maneno mengi. Injini ya kale inayowaka kwa viungo vyake yenyewe, ikalima mstari mmoja wa shamba mbele ya Mkaguzi, ni chombo hai, na familia inaruhusiwa kubaki nayo pamoja na ardhi inayolimwa nayo. Isiyowaka ni chuma chakavu. Chuma chakavu huenda kwenye tanuru, ardhi huunganishwa na shamba kuu la jiji, na mkazi wake hupewa chumba kizuri ghorofani chenye dirisha la kutazamia mawingu. Mama alishaonyeshwa hicho chumba. Alirudi nyumbani akamwita binti yake.

Tulizo alipanda kitini, akabonyeza stata. Injini ikazunguka vizuri, nguu-nguu-nguu, ikatikisa banda zima hadi kuku wakakimbia. Haikushika. Akajaribu tena. Nguu-nguu-nguu. Ilikuwa kama mtu anayetaka kupiga chafya na chafya haiji.

"Betri ni nzima," alisema Sikizi kwa sauti yake tulivu. "Stata ni nzima. Spiriti inafika kwenye kabureta na inaingia kwenye silinda. Hewa inaingia. Pistoni zinabana. Plagi zote nne zimelowa spiriti na zote nne hazina moto."

"Ahaa!" Tulizo aliruka chini. Moyo ulimdunda kwa furaha. Watu wengine hupenda muziki, yeye alipenda hitilafu, hasa ile inayojificha. "Moto haufiki kwenye plagi. Unaishia wapi?"

"Koili inatoa moto mkali. Moto unapita kwenye waya mnene na kuingia kwenye distributa. Hautoki."

Distributa ilikuwa kikombe cheusi ubavuni mwa injini, chenye kifuniko na nyaya tano kichwani. Tulizo alikuwa ameisoma usiku uliopita kwenye michoro ya kale. Waya wa katikati unaleta moto. Ndani ya kikombe kuna rota, kidude cha ukubwa wa kidole gumba chenye ulimi wa shaba, kinachozunguka na kuupeleka moto kwa kila plagi kwa zamu yake, kama mama anayegawa nyama ili kila mtoto apate. Pasipo rota, moto unakuja hadi mlangoni na kukosa wa kuupokea.

"Siafu waliomo humo waseme wanaona nini nikizungusha," aliagiza.

Alibonyeza stata. Kukasikika tatata ndani ya kikombe, na harufu ya kuungua ikatoka.

"Siafu waliokuwa ndani ya distributa wamekufa wote," Sikizi alitangaza. "Moto wa koili umewaunguza. Sishauri kurudia."

"Maskini," alisema Mama. "Waliacha watoto?"

Tulizo alicheka bila kutaka. "Basi tupeleke wengine injini ikiwa imezimwa. Wakague kitu kimoja kimoja."

Wakapelekwa. Taarifa ikaja kwa mpangilio, kama kawaida ya Sikizi. Kifuniko hakina ufa. Platini zipo na mwanya wake ni sahihi. Springi zipo. Rota ipo, umbo lake linalingana na mchoro, uchakavu ni sifuri. Mhimili ni mnyoofu. Jumla ya viungo vinavyotakiwa ipo kamili. "Chombo hiki hakina hitilafu," alimalizia.

"Kisicho na hitilafu kinawaka, Sikizi!"

"Ndivyo inavyopaswa."

Tulizo alizunguka trekta, akapiga teke tairi, akashika kiuno. Nje, kivuli cha minara ya ghala kilikwisha kuvuka uzio na kuanza kutambaa shambani. Alirudia taarifa kichwani, neno kwa neno. Kifuniko. Platini. Springi. Rota ipo, uchakavu sifuri.

Akasimama ghafla.

"Sikizi, pistoni zina uchakavu kiasi gani?"

"Mwingi."

"Platini?"

"Mwingi."

"Na rota sifuri? Kwenye trekta ambalo hata usukani wake umelika hadi umekuwa mwembamba?"

Siafu walikuwa wamefundishwa kupima umbo na kutafuta kilichopasuka, kilicholika, kilichopinda. Kitu kizima hawakukitilia shaka. Tulizo hakungoja jibu. Alibinua vibanio viwili, akaondoa kifuniko kwa mkono wake, akaingiza vidole na kuichomoa rota.

Ilikuwa nyepesi mno. Ilikuwa ya mti.

Mtu alikuwa ameichonga kwa kisu chembamba, kwa ustadi wa kutisha, hadi kila pembe ikalingana na ile ya asili, kisha akaipaka masizi. Tulizo aliigeuza. Upande wa chini, mahali ambapo jicho la siafu lisingefika, palichongwa sura ya mzee mwenye masikio makubwa na kofia ya pama, ametoa ulimi nje.

"Hii ni hujuma," alisema Sikizi. "Nimetayarisha taarifa kwa walinzi wa jiji. Nitume?"

"Tuma! Mwizi mkubwa! Kaja msibani kwa watu, kaiba moyo wa trekta, na bado anatukejeli!"

"Hebu lete," alisema Mama.

Aliishika ile rota ya mti, akaisogeza mwangani, akaitazama ile sura. Midomo ikaanza kumcheza. Tulizo alidhani analia, akamsogelea, kumbe Mama anazuia kicheko.

"Masikio ni yake kabisa," Mama alisema. "Liambie dude lako liache habari za walinzi. Mwizi gani anakaa siku nzima anamchonga marehemu? Huyu ni mtani. Huyu ni Otilia."

"Otilia gani?"

"Otilia Gama. Mngoni wa Peramiho, na Wangoni ni watani wetu sisi Wahehe. Alikuja hapa Ismani mwaka mmoja na baba yako, wote madereva wa matrekta kwenye shamba la mwisho lililokuwa na madereva. Wewe ulikuwa unanyonya. Walitaniana maisha yao yote, wale. Akipita njiani baba yako anamfungulia maji ya bomba. Kesho yake baba yako anakuta matandiko yake juu ya paa." Mama alifuta macho kwa pembe ya khanga. "Mtani akikuchukulia kitu msibani unakwenda kukikomboa. Anakutukana, unamtukana, mnacheka, anakurudishia. Ndivyo ilivyokuwa. Sisi hatukwenda. Hata kujua hatukujua."

Hawakujua kwa sababu mazishi ya Mzee Kikoti yaliendeshwa na Huduma ya Msiba, fahari ya jiji. Mashine zake zilichimba kaburi kimyakimya, zikapanga viti, zikapika, zikaosha vyombo, na shughuli ikaisha kabla jua halijawa kali. Jamaa walihudhuria kwa vivuli, zile sura za mwanga zinazomfikisha mtu popote bila kuinuka alipo. Tulizo naye alikuja kwa kivuli. Alikuwa kwenye kituo cha angani, akimfunga Sikizi kwenye mitambo ya hewa. Chombo cha kushuka duniani kilikuwepo siku ileile, naye aliambiwa. Akasema kazi haijaisha.

"Nitachapa rota nyingine," alisema sasa, akikwepa kuwaza. "Kichapishi kinamaliza mara moja."

"Kiungo kilichochapwa kina alama ndani yake," Sikizi alimkumbusha. "Mkaguzi ataiona. Chombo hakitahesabiwa kuwa hai."

"Basi nitamtembelea huyo bibi kwa kivuli, nimwambie ailete."

Tulizo akasimama juu ya bamba la mwanga, na kivuli chake kikatokea sebuleni kwa Otilia Gama, upande wa pili wa jiji. Alimwona bibi mfupi, mnene wa mabega, anachambua maharage kwenye ungo. Bibi aliinua macho. Akachukua harage moja, akalirusha. Lilipita katikati ya kifua cha Tulizo, likagonga ukuta.

"Mimi siongei na moshi," alisema, akaendelea na maharage yake.

Tulizo alishuka kwenye bamba, uso unamuwaka. Mama alikuwa amekwisha kusimama, kidumu cha ulanzi, pombe ya mianzi, mkononi.

"Nenda na miguu yako," alisema. "Na usiende mikono mitupu. Mimi nitamshikilia Mkaguzi."

"Utamshikiliaje? Ni mashine, Mama!"

"Si ana masikio? Nitamweleza historia ya kila nati."

Tulizo alikimbia. Alivuka shamba, akaruka uzio kama mwizi wa mahindi, akadandia kiti-waya cha kwanza kilichopita. Viti-waya ndivyo vilivyokuwa barabara za Ismani, viti vinavyoning'inia kwenye nyaya ndefu kutoka mnara hadi mnara, na kwa kawaida Tulizo alipenda kutazama jiji likipita chini ya viatu vyake. Leo aliona kinakwenda kama konokono. Alikumbatia kidumu, akakihimiza kiti kwa maneno, na abiria wa kiti cha mbele akageuka kumtazama. Mvua ilikuwa imeanza kunukia kutoka upande wa Nyang'oro.

Otilia alikuwa akimngoja mlangoni. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akapaza sauti kwenye korido nzima. "Majirani! Fungeni mbwa wenu, Mhehe amefika, asije akawala!"

Milango miwili mitatu ikafunguka. Tulizo aliinama kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Sitaki shikamoo yako. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuomba ile rota, bibi. Tafadhali sana. Mkaguzi yuko njiani, na kama trekta haliwaki watachukua shamba la Mama. Naomba uniwie radhi kama tulikukosea."

Otilia alimsikiliza mpaka mwisho. Uso wake, uliokuwa na cheche za ugomvi, ukapoa. Alionekana mzee ghafla.

"Nimekuchomolea moyo wa trekta la baba yako," alisema polepole, "na wewe unaniambia tafadhali? Nimemngojea huyu mtoto miezi yote hii, anakuja kuniomba radhi mimi! Rudi kwenu. Sina kitu chako."

Alianza kufunga mlango.

"Nashauri umtajie sheria ya mali ya marehemu," Sikizi alinong'ona sikioni.

"Nyamaza, Sikizi!" Tulizo aliuwekea mlango mguu. Aliona mlango unafungwa, akaona tanuru, akaona Mama amekaa dirishani anatazama mawingu. Hasira ikampanda, na pamoja na hasira ikapanda sauti ambayo hakujua kwamba anayo. Ilikuwa sauti ya baba yake akiita ng'ambo ya uzio. "Kwanza mimi sishangai kuibiwa na Mngoni! Mlitoka huko kusini kwa miguu, mkiiba ng'ombe wa watu njia nzima. Sasa mmezeeka, magoti yameisha, ng'ombe hamuwawezi tena, mnaiba rota! Mtu mzima na mvi zako unaficha rota kama kuku anayeficha yai!"

Kisha Otilia Gama akapiga paja lake kofi, akacheka hadi akajishika ukutani.

"Ehee! Hapo sasa! Kumbe mtoto ana baba! Ingia, mla mbwa wee, ingia ndani!"

Rota ilikuwa shingoni mwake. Alikuwa ameitunga kwenye uzi kama medali ya kanisani, ulimi wa shaba umelika hadi umekuwa mwembamba kama kucha. Hakuivua. Alimimina ulanzi, akanywa, akafuta midomo.

"Unajua mimi na baba yako tulikubaliana nini? Atakayetangulia, mwenzake atamwigiza mazishini mpaka wafiwa wajikojolee. Nilijiandaa. Siku ile nilivaa gunia, nikajipaka majivu, nikachukua sufuria bovu la kupiga. Nilitaka niingie kaburini nilale, niseme sitoki mpaka Kikoti anirudishie spana yangu. Nafika getini, lile dude lenu lenye tai nyeusi linaniuliza jina. Linatafuta. Linaniambia, kwa adabu kabisa, 'Huhusiki.'"

Tulizo alitazama chini.

"Miaka yote ile, sihusiki! Nikachungulia. Mama yako kakaa peke yake kwenye kiti. Wengine wote taa tupu, zimepangwa mistari, hakuna hata anayevuta kamasi. Hakuna aliyemshika mkono. Nikalia, mwanangu. Mimi, mtani, nikalia kama mfiwa. Nikapita nyuma bandani, nikachukua hii. Nyumbani nikachonga ile ya mti, usiku nikarudi kuiweka mahali pake. Nikajisemea, watataka kulima, litagoma, watakuja kuidai. Wakija nitawatania, watacheka, watalia, huo msiba utakuwa msiba. Nikangoja. Mahindi yakavunwa. Upepo wa kiangazi ukaja. Kila kiti-waya kikisimama hapo nje naenda dirishani."

Tulizo alimshika mkono yule bibi. Ulikuwa mkono mgumu, wa moto.

"Unataka nini ili uirudishe?" aliuliza mwishowe.

"Koti lake na kofia yake," alisema Otilia, tayari amesimama. "Na usukani. Nije nifanye kazi yangu."

Walirudi kwenye kiti kimoja wamebanana, Otilia akiwatukana kwa furaha Wahehe wote aliowaona chini. Walipofika, Mkaguzi alikuwa amekwisha kufika, mashine ndefu ya miguu mitatu na jicho moja, amesimama mlangoni mwa banda. Mama alikuwa mbele yake, kidole juu.

"Na hii nati ya tatu," alikuwa anasema, "hii tuliinunua mwaka wa mafuriko, ngoja nikueleze vizuri."

"Muda wa maelezo umekwisha," alisema Mkaguzi. "Chombo kiwashwe."

Tulizo aliupita mguu wa Mkaguzi, akapiga magoti kwenye mafuta. Otilia alivua uzi shingoni. Rota iliketi juu ya mhimili wake kwa mlio mdogo wa tk! Kifuniko. Kibanio cha kwanza, cha pili. Siafu wakatoka mbio kwa kila tundu, wakarudi kisandukuni mwao.

"Mama, songa pembeni!"

Nguu-nguu-nguu. Nguu-nguu... Injini ikapiga chafya. Ikapiga nyingine, moshi mweupe ukaruka, na halafu Kibogoyo akanguruma! Alinguruma kwa silinda zote nne, bati za banda zikacheza, vumbi la miezi likaanguka kutoka kwenye mapao. Kwenye minara ya jirani madirisha yakafunguka moja baada ya jingine. Watu ambao hawakuwahi kusikia injini maishani walitoa vichwa nje, na mtu mmoja akaanza kupiga makofi. Tulizo alipiga yowe, akamrukia Mama, wakazunguka pamoja kwenye moshi.

"Chombo kimewaka," alisema Mkaguzi. "Sasa kilime. Dereva ajitambulishe."

Akatokea dereva nyuma ya banda. Alivaa koti la kaki lililofika magotini na kofia ya pama iliyomeza masikio. Alichechemea mguu wa kushoto, akatema mate pembeni, akakohoa kile kikohozi kikavu cha asubuhi, akapiga bodi la trekta makofi mawili.

"Yesu wangu!" Mama alishika mdomo. "Lukelo!"

"Mimi ni Lukelo Kikoti," alisema Otilia kwa sauti nzito ya puani. "Mwenye trekta. Na wewe mrefu ni nani, mbona umesimama kwenye mbegu zangu?"

Jicho la Mkaguzi liliwaka, likazima, likawaka. "Lukelo Kikoti amefariki."

"Najua nimefariki, nilikuwepo! Nimeomba ruhusa ya nusu siku nije kulima. Huko nilikokwenda hawana matrekta, wana midude kama wewe tu, inauliza majina."

Mama alikaa chini, palepale kwenye udongo, akicheka kicheko ambacho Tulizo hakukisikia tangu utotoni. Lakini Mkaguzi hakucheka. Jicho lilimgeukia Tulizo. Sheria ilitaka dereva awe mhusika wa familia, na safari hii alikuwa anaulizwa yeye.

"Mtu huyu anahusikaje na mwenye chombo?"

"Ni mtani wetu."

"Neno hilo halimo."

"Basi liingize. Ni mtu mwenye haki ya kutuibia siku ya msiba, na sisi tuna haki ya kwenda kwake kuchukua. Akikosekana, marehemu hajazikwa sawasawa." Sauti ilianza kumsaliti. "Anahusika. Anahusika kuliko mimi."

Mkaguzi akaandika anachoandika ndani yake. "Mhusika," alisema. "Endelea."

Jembe la diski likazama ardhini. Kibogoyo akalivuta, na udongo mwekundu ukajikunja pembeni, wenye unyevu, wenye kunukia. Otilia aliendesha amejiinamia mbele kama alivyokuwa akijiinamia mzee, akilitukana trekta, akilibembeleza, hadi mwisho wa shamba. Mkaguzi alitazama mstari wote. Jicho lake likawa la kijani. "Chombo ni hai," alisema, akaondoka zake kwa miguu yake mitatu, bila kuaga.

Otilia hakusimama. Aligeuza trekta, akarudi na mstari wa pili, na alipofika usawa wa Tulizo akainua kofia, akapaza ile sauti ya puani juu ya mngurumo.

"Tulizo! Leo umekuja na miguu, au umetuma taa tena?"

"Nimekuja, baba!" Tulizo aliita, akataka kuongeza utani, na alikuwa na neno zuri tayari. Halikutoka. Kilichotoka kilikuwa kilio, kikubwa, cha mdomo wazi, kilichomkunja hadi akashika magoti. Mama alinyanyuka kutoka kwenye udongo, bado anacheka, bado machozi yanamtoka, akaja akamshika mkono.

"Mhandisi," alisema Sikizi sikioni, "pumzi yako imebadilika na sauti inakatikakatika. Ninatafuta hitilafu."

"Hakuna hitilafu, Sikizi," alisema Tulizo. "Ni msiba uliochelewa kuwaka."

Alichomoa kipuli, akakitia mfukoni. Akavua viatu, akamvuta Mama mkono, wakalifuata trekta kwenye udongo mbichi.